Usiku nahudumia wazee wa watu, mume wangu askari nimemwacha na mashine ya oksijeni

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa moja na robo asubuhi, nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Zamu imeisha lakini sijawasha gari. Nikifika nyumbani naanza zamu nyingine, na leo nguvu ya kuianza sina.

Mimi ni Mkenya, nina mwaka wa kumi na tisa hapa Texas. Mume wangu naye ni wa nyumbani, mtu wa Nyahururu. Alikuja Marekani 1996 kwa bahati nasibu ya viza, akaingia jeshini 1999, akapelekwa Iraq mara mbili. Mara ya kwanza, 2004, alikaa mwaka mzima kambi ya Balad. Husimulia kwamba kulikuwa na shimo la kuchomea taka lililowaka usiku na mchana: plastiki, matairi, betri, chochote. Moshi uliwafuata hadi vitandani. Kikohozi kilimwanza kabla hajatoka jeshini 2011, akawa anasema ni vumbi tu.

Sasa ana miaka 57. Mapafu yameziba, ana kisukari, na tangu mwaka juzi moyo nao umechoka kusukuma damu. Anatumia oksijeni mchana na usiku. Mashine inanguruma sebuleni na bomba lake limetambaa koridoni mpaka chooni. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye hilo bomba saa nane usiku, akaanguka. Wakati huo mimi nilikuwa kazini namgeuza mzee wa mtu ubavu asije akapata vidonda. Kijana wetu wa miaka 13 ndiye aliyemwinua baba yake peke yake. Nilikuja kujua siku ya tatu, kwa sababu baba alikuwa amemkataza kuniambia.

Shangazi, hapo ndipo nilipoishiwa.

Hospitali ya wanajeshi wastaafu iko mwendo wa saa nzima kwa gari, kama barabara haina msongamano. Mwaka huu tumekosa miadi mitatu kwa sababu asubuhi ya miadi hakuweza kufika hata garini bila kupumzika mara mbili. Dada mmoja ninayesali naye aliniambia kuna daktari anayetumwa nyumbani kwa maveterani. Mwingine akasema hayo ni ya wenye ulemavu wa asilimia 100 pekee. Mume wangu amepimiwa 60, za ulemavu alioupata jeshini: goti, mgongo na masikio. Mapafu hakuwahi kuyadai. Ukimuuliza anasema, "Wenye haki ya kudai ni wale tuliowarudisha ndani ya sanduku."

Nikitaja mtu wa kuja kumsaidia kuoga, anageukia ukuta. "Sijafika hapo." Huoga nikimwogesha mimi, la sivyo haogi. Siku hizi ni mara mbili kwa wiki.

Mama mkwe hupiga simu kila Jumapili: mleteni nyumbani, tutamwangalia sisi. Shemeji zangu wao wanasema napenda dola kuliko mume. Nimefikiria kuacha kazi, lakini bima ya watoto inatoka kwa mwajiri wangu na mkopo wa nyumba haujui mgonjwa. Nifanye nini?

Mama Watatu, Texas

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Nilifanya uuguzi wa majumbani miaka mingi huku ughaibuni kabla sijastaafu, na ile dakika ya kukaa garini usitake kuliwasha naijua. Usijilaumu kwa hiyo.

Kabla ya mambo ya fomu kuna mambo ya leo leo, ndiyo nayaanza.

Lile bomba. Usiliache litambae katikati ya njia. Lipitishe kando ya ukuta, ulishikize kwa vibanio vidogo vile vya kushikia nyaya, na sehemu inayokata mlango wa chooni uipandishe juu ya fremu. Kuna mabomba ya kijani yanayoonekana hata gizani, muulize anayewaletea vifaa vya oksijeni. Weka na taa ndogo ya usiku koridoni. La pili: najua sisi watu wa nyumbani pua ikikauka tunakimbilia mafuta ya mgando. Mtu aliye kwenye oksijeni asipakwe hayo, kwa sababu mafuta na oksijeni hushika moto upesi. Omba jeli ya maji ya kupaka puani. Na unaposonga ugali, yeye akae mbali na jiko la gesi, hatua kadhaa, hata kama ni mazungumzo matamu kiasi gani. La tatu ni stima. Ulikuwa Texas Februari 2021, unakumbuka ile baridi na giza la siku nyingi. Mashine yake bila umeme ni kabati tu. Uwe na mtungi wa akiba uliojaa, na uiarifu kampuni ya umeme kwamba ndani ya nyumba kuna mgonjwa anayetegemea mashine. Wana fomu ya hilo, sehemu yake inajazwa na daktari.

Sasa la daktari wa nyumbani. Dada yako wa kwanza alisema kweli, wa pili alichanganya mambo. VA, yaani idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, ina mpango wa kupeleka huduma ya msingi ya afya nyumbani, ambao wenyewe wanauita kwa herufi HBPC. Si kitu kipya, ulianza 1972. Na haukuwekwa kwa ajili ya asilimia 100. Unatazama hali ya mgonjwa: magonjwa sugu zaidi ya moja, kulazwa mara kwa mara, kushindwa kufika kliniki. Mume wako amejiandikisha VA, ana mapafu, moyo na kisukari, amekosa miadi mitatu kwa sababu mwili umekataa. Ni mtu wa namna hiyo hasa aliyekusudiwa. Na kwa sababu ana asilimia 50 au zaidi, yuko kundi la kwanza la wanufaika, hatatozwa malipo ya ziara hizo.

Wanaokuja ni timu. Daktari, au muuguzi mbobezi mwenye mamlaka ya kuandika dawa, ndiye anayekuwa tabibu wake wa kila siku badala ya yule wa kliniki. Kuna muuguzi, mtaalamu wa lishe, wa viungo, mfamasia, afisa wa ustawi wa jamii na mwanasaikolojia. Hawaji wote kwa pamoja kama wageni wa arusi. Kila mmoja anakuja kwa kazi yake. Mfamasia atamwaga vidonge vyote mezani na kuuliza hiki ni cha nini, na mara nyingi huondoka ameondoa viwili. Wa lishe atakaa jikoni kwako aone chumvi unayotia kwenye sukuma wiki, jambo ambalo daktari wa kliniki hawezi kuliona. Wa viungo atapima bafu na kusema kishikio kiwekwe wapi. Uzito wake wa kila asubuhi nao ni kazi yao kuufuatilia. VA hutoa vifaa vya kupimia nyumbani: mizani, mashine ya presha, kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Namba zinakwenda kwa muuguzi kila siku. Mgonjwa wa moyo akiongezeka paundi tatu kwa siku moja au tano kwa wiki, hayo ni maji yanajaa, na simu ipigwe siku hiyo hiyo. Wewe mwenyewe bonyeza mfupa wa mguu wake kwa kidole gumba kila jioni. Kikiacha shimo lisilojaa haraka, usingoje miadi.

Namna ya kuomba ni hii. Mwandikie au mpigie daktari wake wa VA na useme maneno haya: naomba mume wangu apimwe kwa ajili ya HBPC. Usiishie kusema "anaumwa sana". Hilo husikika kila siku, hupewa pole na dawa. Taja miadi mitatu iliyokosekana na sababu yake. Taja kuanguka. Taja mara alizolazwa. Akisitasita, mtafute afisa wa ustawi wa jamii wa kliniki hiyo, hao ndio wanaojua milango. Kikwazo kinachoweza kutokea ni umbali, kwa kuwa kila timu ina mipaka ya eneo lake na ninyi mko mwendo wa saa nzima. Uliza kama kliniki ndogo ya VA iliyo karibu nanyi ina timu yake. Ikiwa mko nje ya mipaka, omba muuguzi wa nyumbani kutoka kampuni ya hapo mtaani anayelipwa na VA, pamoja na miadi ya video na vile vifaa vya kupimia.

Sitaki ufikiri kwamba timu hii italala kwenu. Watakuja mara chache kwa mwezi, zaidi akizidiwa, na usiku hawapo. Akishindwa kupumua ni 911, namba ya dharura, kama kawaida. Kuoga, kuvaa, kupashiwa chakula wewe ukiwa umelala baada ya zamu, huo ni mpango mwingine, na watu wengi huukosa kwa sababu wanadhani wameshauomba walipoomba ule wa kwanza. Unaitwa wa msaidizi wa nyumbani. VA inailipa kampuni ya huko huko kwenu, msaidizi anakuja saa kadhaa kwa wiki. Kuuomba ni kupitia daktari yule yule. Na kuna mapumziko ya mlezi: mtu anakaa naye wewe ulale, hadi siku 30 kwa mwaka. Mwanangu, ziombe zote.

Lakini nimesikia kwamba anageukia ukuta, na naona hapa ndipo ugumu ulipo, si kwenye fomu.

Mwanamume wa kwetu kuvuliwa shati na mgeni, na ndani ya nyumba yake, ni jambo zito. Usimwambie asione aibu. Aibu yake ni ya haki. Mwambie kwamba unaweza kuomba msaidizi wa kiume, na huko Texas vijana wetu wanaofanya kazi hiyo wapo, pengine utampata hata wa kuongea naye Kikikuyu. Anza na dogo. Wiki za kwanza msaidizi asimguse, abadilishe shuka, apike uji, wazoeane. Kuogeshwa kutafuata, na pengine kwa kuanzia mgongo na miguu tu, zilizobaki afanye mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha bafuni.

Na umweleze kwa lugha anayoijua yeye. Balad kulikuwa na lindo. Hakuna askari aliyeachwa kwenye lindo usiku kucha, siku baada ya siku, bila mwenzake kuja kumpokea. Aliyepokelewa hakuambiwa ameshindwa kazi. Muulize: mimi nani atanipokea? Halafu nyamaza. Usimjibie.

Tena umwambie la kijana. Mtoto wa miaka 13 alimwinua baba yake saa nane usiku, akabeba na siri juu yake siku tatu. Hili baba alijue kwa upole lakini alijue. Kijana naye umkalishe, umwambie hakukosea, na kwamba siri ya mtu kuanguka haitunzwi humu ndani. Aonyeshwe namna ya kuita msaada, na namna ya kumkalisha mtu chini badala ya kumvuta kwa mikono. Mtaalamu wa viungo akija, kijana awepo.

Lile neno lake la waliorudi ndani ya sanduku limenikaa. Anabeba wafu wake. Mwanasaikolojia wa timu huja nyumbani kama wengine, na huzungumza na mtu akiwa kwenye kiti chake mwenyewe. Ikitokea siku akasema maneno ya kutotaka kuishi, piga 988 kisha ubonyeze 1, ni simu ya maveterani, inapokelewa saa zote.

Kuhusu kazi: usiiache. Walau usiiache mwaka huu, kabla hujafanya hili ninalokuambia sasa. Tarehe 10 Agosti 2022 ilitiwa saini sheria inayoitwa PACT, kwa ajili ya waliovuta moshi wa yale mashimo. Kwa mtu aliyetumikia Iraq, ugonjwa sugu wa kuziba mapafu unahesabiwa kuwa umetokana na utumishi wake. Hatakiwi kuthibitisha kwamba ni moshi wa siku fulani. Anaonyesha alikuwa huko, na daktari anaonyesha anaumwa. (Kisukari hakimo kwa watu wa Iraq. Hicho walipewa wa Vietnam kwa sababu ya kemikali zilizomwagwa huko, usije ukashauriwa vibaya.) Oksijeni ya nyumbani ina uzito mkubwa sana wakati wa kupima asilimia za mapafu. Mumeo amekaa juu ya dai hilo tangu sheria itoke.

Nenda naye, au nenda kwanza wewe, kwa wakala aliyeidhinishwa wa vyama vya maveterani, kama vile American Legion au DAV. Hawatozi hata senti. Anayekuomba asilimia ya fedha ili akufungulie dai la kwanza, mkimbie. Mwambie wakala asajili nia ya kudai siku hiyo hiyo. Tarehe hiyo hushikiliwa mwaka mmoja wakati mnakusanya karatasi, na malipo yakikubaliwa huhesabiwa tangu hapo.

Kwa nini nasema haya na wewe umeniuliza habari za kazi? Kwa sababu kuna mpango wa walezi wa familia ambao unataka veterani awe na asilimia 70 au zaidi, na ahitaji kusaidiwa mwilini kwa miezi sita mfululizo au zaidi. Ninyi mko 60. Mapafu yakikubaliwa mnaweza kuvuka. Mke anayemlea hupewa posho ya kila mwezi isiyokatwa kodi, mafunzo, ushauri nasaha, na bima ya afya kama hana. Huzuiwi kuwa na ajira. Ukipata posho hiyo unaweza kupunguza zamu ukabaki na kiasi kinacholinda bima ya watoto, na huo utakuwa uamuzi wa mtu mwenye hesabu mkononi, si wa mtu aliyekaa garini hajalala. Fomu yake ni 10-10CG, na inasainiwa na ninyi wote wawili. Bila saini yake hakuna kitu, ndiyo maana nimekaa sana kwenye lile la ukuta. Ule msaada mdogo wa walezi, mafunzo na vikundi vya kuzungumza, hauhitaji asilimia yoyote. Unaweza kuanza wiki hii. Simu ya walezi ni 855-260-3274.

Mama mkwe. Huyo ni mama na mwanawe anaumwa, maneno yake ya Jumapili yapokee kwa heshima. Lakini Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu ambaye hata Texas anahitaji mashine atateseka zaidi huko. Ndege hairuhusu mitungi yake ya oksijeni, ni mashine ndogo ya kubeba iliyoidhinishwa, na betri za kutosha safari nzima na ziada. Hiyo timu ya nyumbani haipo Kenya. VA ina mpango wa kulipia matibabu nje ya nchi, ila ni kwa magonjwa yaliyokubaliwa kwenye dai lake tu, na leo hayo ni goti, mgongo na masikio. Moyo na mapafu mngelipa wenyewe. Sisemi asirudi kamwe. Nasema asirudi kabla dai la mapafu halijajibiwa na daktari wa mapafu hajasema. Maneno haya ayaseme yeye kwa mama yake, kwa simu, wewe ukiwa chumba kingine. Yakitoka kwako yatakuwa ya mke anayependa dola.

Hao shemeji usiwajibu. Wape zamu. Mwambie mmoja awe anampigia kaka yake saa tatu ya usiku wako, unapoingia kazini, wazungumze nusu saa. Kule Kenya ni alfajiri, na sauti ya nduguye itamfaa kuliko televisheni.

Na wewe, mama. Umesema huoga ukimwogesha wewe. Watu wa kazi yetu huingia bafuni tukiwa na glavu hata kwa waume zetu, tukatoka tumesahau kuwaita jina. Msaidizi akishaanza kuja, siku moja kwa wiki muulize mumeo kama anataka umpake mafuta mgongoni, usimpime chochote, usihesabu pumzi zake. Kaa tu naye.

Mpigie daktari Jumatatu asubuhi, ukishalala. Kuanguka kwake ukutaje mwanzo kabisa wa maongezi, usikuache mwisho. Ukipata tarehe ya ziara ya kwanza niandikie, na uniambie mama mkwe alisemaje kuhusu Nyahururu.